Siterne ya Nyumbani: Namna ya Kuichunga na Kujua Ugonjwa Wake



Siku moja ya kupima watoto kilo, mama mmoja alifika na mtoto wake wa mwaka 1 na nusu. Ilikuwa mara ya tatu mtoto huyo kuharisha katika miezi 2. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilirudi polepole. Tulimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo. Mtoto alipokuwa akinywa tulimwuliza mama: «Mayi ya kunywa munatosha wapi?» Akajibu bila wasiwasi: «Siye hatukunywaka mayi ya ziwa, munganga. Tuko na siterne yetu ku nyumba. Ni mayi ya mvula, iko safi.»

Wengi wetu tungekubali jibu hilo. Lakini mara ya tatu ni mara ya tatu. Juma lililofuata mwuguzi mmoja alikwenda kuangalia. Alikuta siterne nzuri ya sima, imejengwa na baba wa nyumba kwa pesa nyingi. Kifuniko chake kilikuwa mbao 2 za zamani, moja imeoza. Ndani maji yalikuwa ya rangi ya majani, na mjusi amekufa anaelea pembeni. Ndoo ya kuchotea ilikuwa imelala chini, mahali kuku wanapopita, na kamba yake ndani ya matope. Mvua haikuwa na kosa lolote.

Karatasi hii tunaiandika kwa ajili yako wewe uliye na siterne, iwe ya sima, ya plastiki, au ile pipa kubwa chini ya bati. Tunajua namna ulivyoisumbukia. Huku kwetu Goma na kandokando yake ardhi ni mawe ya lava. Mvua ikianguka inapita katikati ya mawe na kupotea chini, mito hatuna, visima vya kuchimba ni taabu. Maji ni ya ziwa Kivu, ya bomba, au ya mvua. Na bomba linakatika. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, lava iliharibu tangi na mabomba upande wa kaskazini wa mji. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa vita, maji na umeme vilikatika, watu wakarudi ziwani na bidoni. Wazee wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi walipoingia kwa wingi kutoka Rwanda: watu karibu 50,000 walikufa kwa muda wa mwezi mmoja, wengi kwa kolera na kuhara damu. Basi siterne safi ni uzima wa nyumba. Siterne chafu ni mbaya kuliko ziwa kwa jambo moja: maji ya ziwa mama anayaogopa na kuyatengeneza, ya siterne anampa mtoto moja kwa moja.

KWANZA, PIMA SITERNE YAKO

Huwezi kutia dawa bila kujua maji ni mengi namna gani. Hata mtoto tunampima kilo kabla ya kumpa dawa. Twaa kipimo cha fundi, pima urefu, upana, na kina cha maji, vyote kwa metre. Zidisha. Kama siterne ina metre 2 kwa metre 2, na maji yamefika metre 1 na nusu, jumla ni 6. Kila moja ya hizo 6 ni litre 1,000, ni kusema bidoni 50 za litre 20. Basi una litre 6,000, au bidoni 300.

Kama siterne ni ya mviringo, pima kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Zidisha hesabu hiyo kwa yenyewe, zidisha na kina, halafu zidisha na 0.785. Ukishindwa, mpe mtoto wa shule afanye, ni hesabu ya darasa lake. Andika jibu ukutani kwa rangi ili usipime tena kila mara.

Hesabu hiyo itakusaidia pia kujua siku. Nyumba ya watu 7 wakitumia litre 20 kila mtu, wanamaliza litre 140 kwa siku. Litre 6,000 ni siku 42. Kiangazi chetu, Juni mpaka Agosti, kinapita hapo, kwa hiyo usifue blanketi zote mwezi wa 6.

MABATI NA MVUA YA KWANZA

Uchafu mwingi wa siterne haukuzaliwa ndani. Unatoka juu, ku manjanja: mavi ya ndege, ya panya na ya mijusi, majani, vumbi la njia, masizi ya moshi wa makala. Mvua ya kwanza baada ya siku nyingi za jua inaosha bati lako. Maji hayo ya kuoshea usiyaingize ndani. Geuza bomba la mifereji liende pembeni mpaka maji yaanze kuwa meupe. Kwa nyumba ya metre 40 za mraba, bidoni 2 za kwanza zimwage au weka za kuosha uwanja. Kuna mafundi wanaofunga kipande cha bomba kinachozunguka kwa mkono. Ni kazi ndogo na inafaa. Ndani ya mfereji na mahali bomba linapoingia ku siterne, funga wavu mdogo wa chandarua. Kila mwisho wa juma mtu apande aondoe majani.

Kwa sisi tunaokaa chini ya volkano kuna jambo lingine. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa moshi. Moshi huo una asidi, na una kitu kinachoitwa fluori. Mvua ikipita katikati ya moshi inavibeba mpaka ku bati lako. Fluori kidogo haina ubaya, lakini ikizidi inaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi, katika miaka 8 ya kwanza. Yanatoka na madoa meupe kama chaki, halafu yanageuka rangi ya kahawia, na madoa hayo hayaondoki kwa kusugua. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linakubali miligramu 1.5 tu kwa litre moja. Maji ya mvua ya upande wa magharibi wa Nyiragongo, ambako upepo unapeleka moshi mara nyingi, yamepimwa na kukutwa yanapita kipimo hicho.

Sikiliza vizuri hapa, mama, kwa sababu watu wengi wanakosea: kuchemsha hakuondoi fluori, na klore haiondoi fluori. Dawa yake ni kuchagua maji. Siku moshi umeshuka, siku unaona majivu juu ya majani ya mboga, geuza bomba pembeni, mvua hiyo usiikusanye. Na kama una njia ya kupata maji ya bomba yaliyotiwa klore, maji hayo mpe mtoto mdogo kwa kunywa na kwa uji, ya siterne yafanye kazi ya kufua na kuoga.

MAJI YANAKUONYESHA DALILI

Maji yakiwa na ugonjwa yanaonyesha, kama vile mtoto. Lakini kila dalili ina sababu yake, na ukitibu dalili bila sababu unapoteza pesa tu.

Maji yamekuwa kijani, na ukuta unateleza. Hiyo ni mimea midogo sana isiyoonekana moja moja. Kama mimea yote inataka jua. Mahali pasipo mwangaza haiwezi kuota. Basi usikimbilie dawa. Tafuta kwanza mwangaza unaingilia wapi: kifuniko kilichopasuka, tundu la bomba, au plastiki nyeupe ambayo jua linapenya. Plastiki ya namna hiyo ipake rangi nyeusi au izungushie mikeka, ijengee paa. Ukitia klore bila kuziba mwangaza, kijani kitakufa na baada ya majuma 2 kitarudi. Tumeona mama aliyenunua poda mara 4 kwa msimu mmoja. Kifuniko cha bati kingemgharimu kidogo kuliko mara 2 tu za poda ile.

Maji yananuka kama yai bovu. Shida iko chini. Majani na matope yamekaa mpaka yanaoza bila hewa. Juu maji yanaweza kuonekana meupe kabisa, lakini ukigusa chini na fimbo utaona yanatoka mapovu. Hapa hakuna njia ya mkato, ni kutoa maji na kuosha. Na kama ni mnyama aliyekufia ndani, panya au mjusi au paka, usitoe mnyama tu na kuendelea kuchota. Maji yote ya kunywa yamwage, siterne ioshwe, itiwe dawa. Tunajua inauma kumwaga maji katika kiangazi. Ukikosa kabisa mengine, yatumie kwa kuchanganya udongo wa kujengea au kuosha choo, lakini yasifike jikoni.

Kuna vidudu vinavyocheza, vikishuka na kupanda. Hao ni watoto wa mbu. Mbu anataga mayai juu ya maji yaliyotulia, na kwa siku 7 mpaka 10 mbu wapya wanaruka na kuingia nyumbani mwako. Usimwage petroli wala mafuta ya gari ndani, hata kijiko kimoja. Kuna nyumba wanafanya hivyo na halafu wanashangaa tumbo linauma. Chuja maji kwa kitambaa, kisha ziba kila tundu kwa wavu. Hata bomba la kutolea maji yaliyozidi linataka wavu. Hilo watu wanalisahau, na mbu hasahau. Wengine wanaweka samaki wadogo wale wadudu hao. Kwa maji ya bustani ni sawa. Kwa maji ya kunywa hatupendi, kwa kuwa samaki naye ana choo chake, tena siku ya klore atakufa.

Maji ni ya rangi ya kahawia. Kama yamekuwa hivyo baada ya mvua kubwa, ni vumbi la bati au udongo ulioingia kwa ufa. Yaache yatulie, chuja, angalia ufa. Kama kahawia inatoka ku robine tu na ina ladha ya chuma, ni kutu ya bomba.

Maji yana ladha ya chokaa na sabuni haitoi povu vizuri. Ni siterne mpya ya sima. Jaza, acha siku chache, mwaga, rudia tena. Katika maji ya namna hiyo klore nayo inafanya kazi kwa uvivu.

Maji yanapungua na hakuna anayekiri kuchota. Jioni, baada ya watu wote kumaliza kazi, weka alama ya makala ukutani sawasawa na maji, funga kifuniko kwa kufuli. Asubuhi angalia kabla ya mtu yeyote kuchota. Kama maji yameshuka chini ya alama, kuna ufa. Kama hayakushuka, basi dawa yake ni kufuli lenyewe, na usimgombeze mtoto wa jirani bure. Nyufa zimekuwa nyingi toka matetemeko ya Mei 2021. Ufa mdogo fundi anauchonga upanuke kidogo, anauosha, anaulowesha, anaujaza kwa sima 1 na mchanga safi 2, kisha unaulowesha maji siku 7 ili usikauke haraka na kupasuka tena. Ufa wa siterne iliyo ndani ya ardhi uharakishe zaidi, hasa kama choo kiko karibu. Ufa unaotoa maji nje ndio huohuo unaoingiza uchafu ndani.

KUOSHA

Osha mara moja kwa mwaka, na wakati mzuri ni mwisho wa Agosti, siterne ikiwa karibu tupu na mvua inakuja. Ukingoja Oktoba utakuwa unamwaga maji mazuri.

Kabla mtu hajaingia, soma hapa. Siterne iliyofungwa, hasa ile ya ndani ya ardhi, inaweza kukosa hewa nzuri. Na sisi wa Goma tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mahali pa chini. Haina rangi, na imeua mbuzi, ng'ombe na watu. Shimo la siterne ni mahali pa chini. Fungua kifuniko nusu siku nzima. Teremsha taa ya moto kwa kamba: ikizimika, mtu asiingie. Ikiendelea kuwaka, bado asiingie peke yake. Mtu anayeingia afungwe kamba kifuani, na watu wazima 2 wabaki juu wenye nguvu ya kumvuta. Akisema kichwa kinazunguka, atoke mara moja. Akianguka, mvuteni kwa kamba. Asiruke mwingine kumfuata, maana ndivyo ndugu wawili wanavyokufa siku moja. Mashine ya petroli ya kuvuta maji isiingizwe ndani hata kidogo, moshi wake unaua. Mama mwenye mimba asifanye kazi hii, wala mtoto, hata kama ni mtoto mwembamba anayepita vizuri kwenye tundu.

Kazi yenyewe ni rahisi. Toa maji na matope yote kwa ndoo. Sugua kuta na chini kwa burosi na maji safi, bila sabuni, kwa sababu sabuni inabaki. Toa maji ya kusugulia, suuza tena. Halafu dawa.

KLORE

Ukitia sabuni ndani ya maji ya matope, povu halitoki. Sabuni imemalizwa na matope. Klore nayo iko vile. Majani, kijani, na matope yanaila yote, na vidudu vya kuhara vinabaki. Ndiyo maana tumeandika kuosha kabla ya klore.

Poda inayouzwa kwa jina la HTH ina klore asilimia 65 mpaka 70. Kwa siterne iliyooshwa, ijaze maji robo, tia gramu 80 za poda kwa kila litre 1,000 ambazo siterne inaweza kubeba, kisha ijaze yote na uifunge masaa 24. Gramu 80 ni vijiko vya supu 5 na kidogo. Siterne yetu ya litre 6,000 inataka gramu 480. Maji hayo hayanywewi. Fungua robine kidogo ili dawa ipite ku bomba pia, na kesho yake mwaga yote mbali na mboga, mbali na samaki.

Lakini nani ana litre 6,000 za kumwaga? Wachache. Njia ya watu wenye maji kidogo ni hii. Tengeneza dawa mama: litre 1 ya maji safi, kijiko cha supu 1 cha HTH kilichosawazishwa, gramu 15. Koroga kwa mti, acha utulie. Glasi moja ya dawa hiyo, mililitre 200, tia ndani ya ndoo ya litre 10. Kwa maji hayo paka kuta zote na chini kwa burosi, ngoja masaa 2, suuza mara 2. Anayepaka avae glove, afunge pua na mdomo, atoke nje kila dakika chache. Macho yakiwasha ni ishara ya kutoka.

Sasa maji ya kunywa ya kila siku. Wengine wanapenda kutia klore ndani ya siterne nzima. Mimi sishauri hivyo. Klore inapotea kwa siku chache, mvua mpya inaingia na kuchanganya hesabu, na mama anabaki kufikiri maji yana dawa kumbe haina tena. Afadhali tia ndani ya bidoni unayokunywa. Kijiko cha chai 1 cha dawa mama, bidoni 1 ya litre 20 ya maji meupe, tikisa, ngoja dakika 30. Ukifungua usikie harufu kidogo sana ya klore. Usiposikia kitu, ongeza nusu kijiko, ngoja dakika 30 nyingine. Kama bado hakuna harufu, maji ni machafu mno, rudi ku siterne uangalie. Kama harufu ni kali, acha bidoni wazi, imefunikwa na kitambaa safi, mpaka ipungue.

Ukitumia javeli badala ya poda, soma karatasi ya chupa. Javeli ya asilimia 5, isiyo na marashi, ni matone 2 kwa litre, matone 40 kwa bidoni. Javeli ya njiani isiyo na karatasi, iliyokaa ku jua, hiyo ni ya kuosha sakafu.

Dawa mama haikai zaidi ya juma 1. Iweke mahali pa giza, mbali na watoto, ndani ya chombo chenye alama, usiiweke kamwe ndani ya chupa ya Fanta. Mtoto anajua chupa ya Fanta ina nini. Akiinywa, usimtapishe; mwoshe mdomo, mpe maji kidogo anywe, kimbia naye hospitali na chupa mkononi. Poda yenyewe tia ndani ya maji, usimwage maji juu ya poda. Usiiweke pamoja na mafuta wala petroli, inaweza kuwaka. Na klore usiichanganye na ndimu, siki, wala dawa nyingine za choo, inatoa hewa inayochoma mapafu.

Tunasikia pia yale yanayosemwa ku robine: «Klore inafungaka uzazi.» Hapana, mama. Kwa kipimo hiki haifungi uzazi wa mwanamke wala wa mwanaume. Kama shemeji au mama mkwe anasema hivyo, mlete siku ya kupima watoto, tutazungumza naye kwa heshima.

Na mtoto akiharisha wakati unatengeneza haya yote, usingoje siterne. Litre 1 ya maji yaliyochemshwa au yenye klore, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mpe anywe kila mara, endelea kumnyonyesha, umlete. Choo kikiwa kama maji ya mchele na kinatoka bila kukoma, njoo saa hiyohiyo hata usiku.

SITERNE NA MTOTO ANAYETAMBAA

Neno la mwisho si la vidudu. Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito. Akiinama ku pipa anaanguka kichwa mbele na hawezi kujitoa. Halii, hapigi kelele. Hata ndoo yenye maji ya sentimetre 5 inatosha. Kifuniko cha siterne kiwe kizito au cha kufuli, na ukichota usikiache wazi «dakika moja tu» ili uende kupeleka ndoo ya kwanza. Pipa liwe na kifuniko, ndoo ya kufulia imwagwe kazi ikiisha. Usimwachie ulinzi mtoto wa miaka 5. Naye ni mtoto.

Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Wakati unapotea. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake kidogo. Funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, mpulizie hewa mara 5, taratibu, uone kifua kinapanda. Kama bado hapumui wala hatikisiki, bonyeza katikati ya kifua kwa mkono mmoja, kwa mtoto mchanga kwa vidole 2, haraka mara 30, kifua kishuke kama theluthi yake. Kisha pulizia mara 2. Endelea hivyo bila kuacha huku mwingine akitafuta moto wa kubeba, gari au piki. Akianza kulia, mvue nguo zenye maji, mfunike ndani ya kitambaa kikavu juu ya kifua chako, na mlete hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa sababu mapafu yanaweza kubana masaa kadhaa baadaye.